Mipaka Inayohama, Wakazi Wanaoongezeka: Historia ya Uwakilishi wa Juba Bungeni, 1910–2024

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna mipaka ya eneo la Juba, Sudan Kusini, ilivyochorwa na kuchorwa upya tangu kumalizika kwa utawala wa Mfalme Leopold II katika ukingo wa magharibi wa Nile hadi mjadala wa sasa kuhusu majimbo ya uchaguzi. Hoja kuu ni kwamba karibu kila mpaka unaolizunguka eneo hilo ulichorwa ili kujibu swali lisilo la uwakilishi, kama vile usafiri wa mtoni, ulinzi, ugawaji wa vyeo au umiliki wa ardhi, kisha ukarithiwa na wachora majimbo kana kwamba ni mpaka wa wapigakura. Kwa kutumia takwimu za sensa ya 2008, makala yanaonyesha kwamba Kaunti ya Juba ingeweza kupewa viti vinne au vitano bila sheria kuvunjwa. Uamuzi huo, kwa hiyo, haukuwa wa kihesabu. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa wanaoandaa uchaguzi wa kwanza wa Sudan Kusini huru.

1. Utangulizi

Katika nchi zenye historia ndefu ya vyama vingi, jimbo la ushindani mkali hutambuliwa kwa urahisi: mtafiti huangalia tofauti ya kura kati ya mshindi na aliyemfuata, na tofauti ikiwa ndogo kwa chaguzi mbili au tatu mfululizo, jimbo huhesabiwa kuwa halina mwenyewe. Kipimo hicho hakifai Juba. Mji huu umeshiriki uchaguzi mmoja tu wa vyama vingi tangu Mkataba wa Amani wa 2005, nao ni ule wa Aprili 2010, ambapo Chama cha Ukombozi wa Watu wa Sudan (SPLM) kilitwaa karibu viti vyote vya Bunge la Kusini. Tangu uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, hakuna mbunge wa Juba aliyeingia Bungeni kwa kura mpya.

Hata hivyo, haifai kusema kwamba majimbo ya Juba hayana ushindani. Ushindani wao upo mahali pengine: katika kuamua nani ahesabiwe kuwa mkazi, mtaa upi wa pembezoni uwe ndani ya mstari na upi uwe nje, na sehemu ya kiti inayobaki baada ya kugawanya watu kwa viti imwangukie nani. Makala haya yanachukulia mambo hayo matatu kuwa ndiyo historia halisi ya jimbo.

Istilahi zinahitaji kuwekwa wazi. Katika Kiswahili cha magazeti, neno “jimbo” hutumika kwa maana mbili zinazoweza kumchanganya msomaji. Hapa “jimbo” ni eneo la kumchagua mbunge peke yake. Eneo la utawala lililo chini ya gavana linaitwa “mkoa”, liwe la enzi ya Waingereza au la leo. Chini ya mkoa ipo kaunti, chini ya kaunti ipo payam, na chini ya payam ipo boma, neno ambalo msomaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa.

2. Tawala tatu katika kaunti moja, 1894–1914

Anayesimama leo katika Kaunti ya Juba anasimama katika ardhi ambayo mwaka 1909 ilikuwa chini ya tawala tatu. Ukingo wa magharibi wa Nile, pamoja na Rejaf na Lado, ulikuwa sehemu ya Lado, eneo ambalo Waingereza walimkodisha Leopold II mwaka 1894. Ukingo wa mashariki ulikatwa na latitudo ya nyuzi 5 kaskazini: kusini mwa mstari huo palikuwa Uganda, na kituo chake cha mwisho kilikuwa Gondokoro, kaskazini palikuwa Sudan ya Waingereza na Wamisri, na makao yake yalikuwa Mongalla.

Mstari wa mto na mstari wa latitudo havikuwa na uhusiano wowote na watu waliokuwa wakiishi hapo. Wabari walikuwa na makazi, mashamba na malisho kwenye kingo zote mbili za mto. Ila kwa watawala, mto ulikuwa barabara, na aliyeshika gati alishika biashara na usafiri wa majeshi. Leopold alipofariki Desemba 1909, mkataba wa ukodishaji ulikoma, na mwaka 1910 Lado ikarudishwa Sudan. Mwaka 1914 yakafanyika mabadilishano: Gondokoro na Nimule zikatoka Uganda na kuingia Sudan, na sehemu ya kusini ya Lado, inayojulikana leo kama Nile Magharibi, ikaingia Uganda.

Mabadilishano hayo ndiyo yaliyoziunganisha kingo mbili za mto chini ya mkoa mmoja, Mkoa wa Mongalla. Bila hayo kusingekuwa na Juba kama tunavyoijua. Lakini ukingo wa mashariki uliingia katika mkoa kama nyongeza, na hadhi hiyo ya nyongeza imedumu. Tutaiona tena katika karne ya 21, pale mitaa ya Gumbo itakapokuwa sehemu ya mji kwa maisha ya kila siku ilhali haimo katika mji kwa ramani.

3. Mji wa makao makuu, 1920–1956

Juba yenyewe ilianza kama kijiji cha Wabari, na jirani yake ikajengwa shule ya wamisionari wa Kianglikana mnamo 1920. Mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali iliamua kuhamisha makao ya mkoa kutoka Mongalla hadi hapo, kwa kuwa ukingo wa magharibi ulikuwa na nafasi bora zaidi kwa barabara za kuelekea Kongo na Uganda. Wanakijiji walihamishwa ili kupisha mji. Tukio hilo dogo katika kumbukumbu za utawala ni kubwa katika kumbukumbu za wenyeji: mji ulipozaliwa, wenye ardhi walipelekwa ukingoni mwake.

Mji ukapangwa kwa mafungu. Maofisa walikuwa na sehemu yao, wafanyabiashara sehemu yao, na askari wastaafu na familia zao wakakaa Malakia. Kator ikakua kando ya misheni ya Kikatoliki. Vijiji vya Wabari vilibaki chini ya machifu wao, nje ya mji. Mgawanyo huo baina ya mji wa wageni na vijiji vya wenyeji ulikuwa wa kiutawala, wala haukuwa na athari za uchaguzi, maana hapakuwa na uchaguzi.

Mwaka 1936 Mongalla na Bahr el Ghazal ziliunganishwa kuwa Mkoa wa Equatoria, makao yake yakiwa Juba, na mwaka 1948 Bahr el Ghazal ikatengwa tena. Katikati ya mabadiliko hayo ulifanyika Mkutano wa Juba wa tarehe 12 na 13 Juni 1947, ulioongozwa na James Robertson, Katibu wa Serikali mjini Khartoum. Mkutano ulijadili kama Kusini iwe na wawakilishi katika Bunge moja na Kaskazini. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwepo Chifu Lolik Lado wa Lirya, kijiji kilichoko mashariki mwa Juba, aliyeufananisha uhusiano uliopendekezwa na posa ambayo msichana anahitaji muda wa kuichunguza kabla ya kuikubali. Lirya leo ni payam ya Kaunti ya Juba. Kwa maneno mengine, ombi la kupewa muda kabla ya kuingia Bungeni lilitoka pembezoni mwa mji, kwa mtu aliyeishi mbali na ofisi zake.

Muda haukutolewa. Katika Baraza la Kutunga Sheria la 1948 Kusini ilipata wajumbe 13, walioteuliwa na mabaraza ya mikoa. Mwaka 1953, chini ya tume iliyoongozwa na Sukumar Sen kutoka India, Kusini ilipata viti 22 kati ya 97 vya Baraza la Wawakilishi. Majimbo ya mwanzo yalifuata mipaka ya wilaya za utawala, kwa sababu ndiyo mipaka pekee iliyokuwapo. Hapo ndipo mstari uliochorwa kwa ajili ya kodi na barabara ulipogeuka kuwa mstari wa wapigakura.

4. Viti bila uchaguzi, na uchaguzi bila amani, 1958–1986

Uchaguzi wa 1958 uliongeza viti vya Kusini hadi 46 kati ya 173. Ila Bunge hilo lilivunjwa na mapinduzi ya Novemba mwaka huohuo. Uchaguzi wa 1965 haukufanyika Kusini kwa sababu ya vita, na Julai mwaka huo mauaji yaliyofanywa na askari mjini Juba yaliwafanya wakazi wengi wakimbilie msituni na nchi jirani. Katika miaka hiyo jimbo la Juba lilikuwepo kwenye karatasi. Wakazi wake walikuwa kambini Uganda na Kongo.

Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 ulibadilisha hali. Juba ikawa makao ya Serikali ya Kusini na Bunge la Mkoa, na watu wakaanza kurudi. Sensa ya 1973 iliwahesabu wakazi wapatao 57,000 mjini. Ile ya 1983 ikawahesabu wapatao 84,000. Ongezeko hilo halikuwa la wenyeji pekee. Watumishi wa serikali, askari na familia zao walitoka Bahr el Ghazal na Upper Nile, wakajenga, wakasomesha watoto, wakawa wakazi.

Hapo likazuka swali ambalo halijapata jibu hadi leo: je, mkazi wa mji mkuu ni mpigakura wa mji mkuu? Wanasiasa wa Equatoria, Joseph Lagu akiwa mstari wa mbele, walidai Kusini igawanywe ili kila eneo lijitawale. Abel Alier na wenzake walipinga, wakisema mgawanyo ungedhoofisha Kusini mbele ya Khartoum. Dai hilo lilipata jina la Kibari, kokora, yaani kugawanya. Mnamo Juni 1983 Rais Jaafar Nimeiri alitoa amri iliyoigawa Kusini kuwa mikoa mitatu, na watumishi wengi wasio wa Equatoria wakatakiwa kuondoka Juba na kurudi walikotoka.

Kokora imechambuliwa sana kama sababu mojawapo ya vita vya pili. Kwa mwanahistoria wa majimbo, ina somo jingine. Ndiyo mara ya kwanza mpaka wa uwakilishi kupita ndani ya nyumba za mji. Kabla yake, mipaka ilitenganisha maeneo. Baada yake, ilitenganisha majirani wa mtaa mmoja kwa kigezo cha asili. Na vita vilipoanza, Juba ikawa ngome ya jeshi la serikali iliyozingirwa, mahali ambapo waliokimbia vijiji walikusanyika. Katika uchaguzi wa 1986, viti vingi vya Kusini viliachwa wazi kwa sababu ya vita.

5. Sensa ya 2008 na sehemu ya kiti iliyobaki

Mkataba wa Amani wa 2005 uliagiza sensa, kisha uchaguzi. Mkoa ulioitwa Bahr el Jebel ukapewa jina la Equatoria ya Kati, ukiwa na kaunti sita. Sensa ya Aprili 2008 iliipa Kusini watu 8,260,490, na Equatoria ya Kati watu 1,103,557. Kati yao, Kaunti ya Juba ilikuwa na 368,436, Yei 201,443, Kajo-Keji 196,387, Terekeka 144,373, Morobo 103,603 na Lainya 89,315.

Serikali ya Kusini ilikataa matokeo hayo, ikiamini kwamba watu wake hawakuhesabiwa wote. Sababu ya hofu ilieleweka: kwa takriban asilimia 21 ya watu wote wa Sudan, Kusini isingefikia robo moja ya viti vya Bunge la Taifa, kiwango kilichohitajika kuzuia mabadiliko ya katiba. Mwanzoni mwa 2010 pande mbili zilikubaliana kuiongezea Kusini viti 40. Idadi ya watu ikawa jambo la mapatano.

Mjadala huo mkubwa ulifunika mwingine mdogo uliohusu Juba moja kwa moja. Bunge la Kusini lilikuwa na viti 170, na asilimia 60 kati yake, yaani 102, vilikuwa vya majimbo. Vingine vilikuwa vya orodha za wanawake na za vyama. Sheria ya Uchaguzi ya 2008 iliruhusu idadi ya watu katika jimbo kuzidi au kupungua kwa asilimia 15 kutoka wastani. Tukigawanya 8,260,490 kwa 102, wastani ni watu 80,985 kwa kiti. Hesabu inayofuata ni ya mwandishi, na imefanywa kwa kaunti ili kuonyesha upana wa hiari uliokuwepo.

Kwa wastani huo, Kaunti ya Juba ilistahili viti 4.55. Ikipewa vinne, kila jimbo lingekuwa na watu 92,109, yaani asilimia 13.7 juu ya wastani: halali. Ikipewa vitano, kila jimbo lingekuwa na watu 73,687, yaani asilimia 9 chini ya wastani: halali pia. Sheria ileile na sensa ileile zilikubali majibu mawili. Tofauti kati ya majibu hayo ni kiti kizima katika mji mkuu.

Terekeka, jirani wa kaskazini, ilistahili viti 1.78. Ukiziunganisha kaunti hizo mbili unapata 6.33. Hivyo Juba ikipewa vitano na Terekeka viwili, jumla ni saba, na mikoa au kaunti nyingine italazimika kubeba upungufu. Juba ikipewa vinne na Terekeka viwili, jumla ni sita, na wakazi wa mji watakuwa na uzito mdogo wa kura kuliko jirani zao wafugaji. Kila uamuzi una anayefaidika. Katika mkoa ambao gavana wake, Clement Wani Konga, alitoka kwa Wamundari wa Terekeka, na ambao matokeo ya ugavana ya 2010 kati yake na Alfred Ladu Gore yalibishaniwa vikali, hesabu kama hiyo isingeweza kusomwa kama hesabu tu.

Yapo mengine. Kwa kikomo cha asilimia 15, majimbo manne ya Juba yangeweza kubeba watu wasiozidi 372,532. Sensa iliwahesabu 368,436. Lau watu wapatao 4,300 zaidi wangehesabiwa katika kaunti hiyo, hata tukiwaongeza pia katika jumla ya Kusini, viti vinne visingekuwa halali tena, na cha tano kingekuwa cha lazima. Watu 4,300 ni wakazi wa mitaa michache tu ya pembezoni. Katika mji uliokuwa ukipokea wakimbizi wanaorejea kutoka Uganda, Kenya, Kongo na Khartoum, wengi wao wakikaa katika vibanda visivyo na namba upande wa Gudele na Gumbo, ubora wa kazi ya karani mmoja wa sensa ungeweza kuamua idadi ya wabunge wa mji mkuu. Hiyo ndiyo maana ya jimbo lenye ushindani mwembamba katika Juba.

6. Mikoa kumi, ishirini na minane, thelathini na miwili, kumi tena

Baada ya uhuru, Bunge la Taifa liliundwa kwa kuwajumlisha wabunge 170 wa Bunge la Kusini, 96 waliokuwa Khartoum na 66 walioteuliwa na Rais, jumla 332. Mwaka 2021, kwa mujibu wa Mkataba wa Amani wa Septemba 2018, Bunge la mpito liliteuliwa likiwa na wajumbe 550, wakigawanywa kwa pande zilizotia saini. Kadiri Bunge lilivyopanuka, ndivyo jimbo lilivyopoteza maana: mbunge alihesabiwa kwa upande uliomteua.

Wakati huohuo mipaka ya utawala ilibadilika kwa kasi isiyo na mfano katika kanda yetu. Oktoba 2015 Rais Salva Kiir alitangaza mikoa 28 badala ya 10. Equatoria ya Kati ikagawanywa mara tatu: Jubek, jina ambalo simulizi za Wabari hulihusisha na asili ya jina la mji, Terekeka, na Yei River. Januari 2017 mikoa ikawa 32. Februari 2020, ili kuwezesha serikali ya umoja, ikarudi 10 pamoja na maeneo matatu maalumu ya Pibor, Ruweng na Abyei.

Wapo waliouona mgawanyo wa 2015 kama kokora ya pili, na si bila sababu, maana nao ulizifanya kaunti na payam kuwa mali ya makabila. Mkataba wa 2018 uliunda kamati ya kuchunguza mipaka ya maeneo ya makabila kama ilivyokuwa tarehe 1 Januari 1956. Kigezo hicho kinatufaa kukitafakari. Mwaka 1956 Gudele haikuwa mtaa wa mji, na daraja juu ya Nile lilikuwa bado halijajengwa. Kuchora uwakilishi wa leo kwa ramani ya 1956 ni kumpa kura aliyekuwepo na kumnyima aliyepo.

7. Ukingoni mwa mji

Sasa tuangalie mahali penyewe. Baraza la Mji lililoundwa 2011 linasimamia maeneo matatu: Juba, Kator na Munuki. Mji, hata hivyo, haukukubali kukaa ndani ya mistari hiyo. Upande wa kaskazini na magharibi umemeza sehemu za payam ya Bari ya Kaskazini. Upande wa kusini umeingia payam ya Rejaf, na kuvuka mto hadi Gumbo, kando ya barabara ya Nimule iliyokamilika kwa lami mwaka 2012. Daraja la Uhuru lililofunguliwa 2022 limeufanya ukingo wa mashariki kuwa mwendo wa dakika chache kutoka katikati ya mji.

Mkazi wa mitaa hiyo anafanya kazi mjini, ananunua maji mjini na watoto wake wanasoma mjini. Kisheria yuko kijijini, katika payam ambayo ardhi yake, kwa Sheria ya Ardhi ya 2009, sehemu kubwa ni ya jumuiya. Kwa viongozi wa Wabari, kumhesabu mkazi huyo kama mpigakura wa Rejaf ni kuikabidhi ardhi yao kwa njia ya sanduku la kura. Hofu hii isipuuzwe. Ina mizizi katika kuhamishwa kwa miaka ya 1920, na ndiyo iliyochangia Baraza la Mawaziri kuamua, Septemba 2011, kwamba mji mkuu uhamie Ramciel katika Mkoa wa Lakes, uamuzi ambao haujatekelezwa. Serikali ilikosa ardhi ya kujenga kwa sababu ilikosa maelewano na wenyeji.

Kwa upande wa pili, wapo waliofika kwa kulazimishwa. Mapigano yaliyoanza Juba tarehe 15 Desemba 2013, na yale ya Julai 2016, yaliwapeleka maelfu ya watu, wengi wao Wanuer, katika eneo la ulinzi la Umoja wa Mataifa chini ya mlima wa Jebel. Wengine wamezaa na kulea humo. Wakiandikishwa hapo walipo, majimbo ya magharibi mwa mji yatabadilika. Wakiandikishwa walikotoka, watapigia kura mahali wasikoweza kufika.

8. Uzoefu wa majirani

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na majirani wana uzoefu unaofaa kusomwa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 89, iliweka majimbo 290 na kuruhusu tofauti ya asilimia 40 kwa miji na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Kwa kufanya hivyo, Kenya ilikiri waziwazi kwamba kura hazitakuwa na uzito sawa, na ikasema ni kwa kiasi gani na kwa sababu gani. Hata hivyo, haikuepuka tatizo la sensa: matokeo ya 2009 ya wilaya nane za kaskazini yalikataliwa na waziri mhusika, na kipindi cha miaka 12 cha kupitia mipaka kilipita Machi 2024 bila kazi hiyo kukamilika.

Tanzania, Mei 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya manane na kufikisha jumla ya 272. Baadhi yake yalitokana na pembezoni mwa miji inayopanuka: Kivule na Chamazi katika Dar es Salaam, na Mtumba katika Dodoma. Funzo kwa Juba ni kwamba ukingo wa mji unaweza kuwa jimbo linalojitegemea. Si lazima ubaki mkia wa payam za vijijini, wala si lazima umezwe na katikati ya mji.

9. Hitimisho na mapendekezo

Septemba 2024 pande za serikali ya mpito ziliahirisha uchaguzi hadi Desemba 2026. Hakuna sensa mpya iliyofanyika tangu uhuru. Makadirio yaliyotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu mwaka 2023, ya watu wapatao milioni 12.4, yalizua ubishi. Katika hali hiyo, kishawishi cha kurudia majimbo 102 ya 2010 ni kikubwa, kwani ndiyo ramani kamili pekee iliyopo. Inafaa ikumbukwe kwamba ramani hiyo ilichorwa wakati majimbo yakiwa asilimia 60 ya viti. Marekebisho ya 2023 yameyashusha hadi asilimia 50, huku viti vya wanawake vikipanda hadi asilimia 35. Majimbo 102 yakiwa nusu, Bunge zima litakuwa na viti 204. Bunge likiwa kubwa zaidi ya hapo, majimbo hayatoshi, na jimbo la kwanza kudai kugawanywa litakuwa la Juba.

Historia iliyoelezwa hapa inaelekeza kwenye mapendekezo manne. Kwanza, ramani ya 2010 ikitumika, itumike kwa uchaguzi mmoja tu, na sheria itaje tarehe ya kuipitia. Ramani ya muda isiyo na ukomo hugeuka kuwa ya kudumu, kama ilivyokuwa kwa mipaka ya wilaya iliyotumika 1953.

Pili, kabla mstari wowote haujachorwa, idadi ya watu itangazwe kwa kila boma, ili wakazi waweze kuikagua. Pale ambapo watu 4,300 wanaweza kuleta au kuondoa kiti, takwimu za kaunti nzima hazitoshi.

Tatu, pale sheria inaporuhusu majibu mawili, tume ieleze kwa maandishi kwa nini imechagua moja. Hiari isiyoelezwa ndiyo inayozaa tuhuma, hata ikitumiwa kwa nia njema.

Nne, haki ya mkazi na haki ya mwenyeji zisiwekwe katika sanduku moja. Mkazi, awe amefika kwa hiari au kwa kukimbia, apige kura anapoishi. Ulinzi wa ardhi ya Wabari na jumuiya nyingine upewe mahali pake: katika sheria ya ardhi, katika mabaraza ya kimila, na katika Baraza la Mikoa, ambalo huwakilisha maeneo badala ya idadi. Kokora ilijaribu kutatua suala la ardhi kwa kuwaondoa wapigakura. Mgawanyo wa 2015 ulijaribu kulitatua kwa kuzidisha mikoa. Mara zote mbili suala la ardhi lilibaki pale pale, na waliopoteza walikuwa wakazi wa pembezoni, wenyeji na wageni kwa pamoja.

Jimbo la Juba litakalochorwa kwa ajili ya uchaguzi ujao litakuwa la kwanza katika historia ya mji huo kuchorwa na serikali huru. Wanaolichora wanayo nafasi ambayo mabwana wa Lado, wa Mongalla na wa Khartoum hawakuitafuta: kuanza na watu, kisha kuuleta mstari.